Mtunza Funguo Asiwe Fundi wa Kitasa

Katikati ya Juni 2012, mafundi wa kundi la benki la Royal Bank of Scotland nchini Uingereza waliweka toleo jipya la programu inayopanga zamu ya kazi za usiku katika kompyuta kuu za kundi hilo. Hizo ndizo kazi zinazoingiza mishahara, kukata marejesho ya mikopo na kufunga hesabu za siku wateja wakiwa wamelala. Toleo jipya lilipoonyesha dalili za hitilafu, waliamua kuling'oa na kurudia la zamani, bila kupima kwanza hatua hiyo ingezaa nini. Kumbe matoleo hayo mawili hayakuwa yakipatana. Foleni za kazi zikavurugika, na wateja zaidi ya milioni 6.5 wa RBS, NatWest na Ulster Bank wakaguswa. Wapo walioonyeshwa salio lisilo sahihi, walioshindwa kulipa rehani za nyumba kwa wakati, na waliokwama ugenini bila fedha mkononi. Novemba 2014 mamlaka mbili za udhibiti wa fedha za Uingereza ziliitoza benki hiyo faini ya jumla ya pauni milioni 56.

Habari kama hiyo ikifika mtaani hufupishwa: mfumo umegoma. Lawama nazo hutupiwa watu wa kompyuta, kana kwamba wote wana kazi moja. Katika vyumba vya kompyuta kuu, zile ambazo mafundi huziita meinfremu, watu hao wamegawanyika tangu zamani, na mgawanyo mzito kuliko yote ni ule wa msimamizi wa mfumo na programa wa mfumo. Wengi huuona kama ngazi ya vyeo: msimamizi yuko chini, programa yuko juu. Mimi nadai kwamba tofauti yao haipimwi kwa cheo, mshahara wala wingi wa lugha za kompyuta anazozijua mtu. Hupimwa kwa aina ya kosa ambalo kila mmoja anaweza kulitenda. Msimamizi hukosea ndani ya kanuni za mfumo. Programa hukosea katika kanuni zenyewe. Na kwa kuwa makosa yao si ya aina moja, kinga zake haziwezi kuwa za aina moja, wala mamlaka ya kazi hizo mbili hayafai kukaa katika mkono mmoja.

Tuanze na mtambo wenyewe. Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ilitangaza ukoo wa kompyuta ulioitwa System/360, na kompyuta kuu za leo zinazoendeshwa na mfumo wa z/OS ni wajukuu wa ukoo huo. Mabenki makubwa, mashirika ya bima na idara za serikali katika nchi zilizoendelea kiviwanda huzitumia kwa kazi isiyoruhusu mzaha: miamala mingi kwa wakati mmoja, watumiaji maelfu, na data ambayo ikipotea hakuna wa kuirudisha. Mtambo mmoja huweza kugawanywa katika sehemu kadhaa zinazojitegemea, kila moja ikiendesha mfumo wake, hivyo sehemu moja ikawa ya majaribio na nyingine ikabeba kazi halisi. Kwa mtambo unaohudumia taasisi nzima, swali la nani ana ruhusa ya kugusa nini huwa swali la utawala hata kabla ya kuwa la ufundi.

Msimamizi wa mfumo huupokea mfumo kama ulivyo, kisha akautumikisha. Kazi yake ni ya kila siku na iko karibu na watu. Yumo msimamizi wa usalama, ambaye kupitia programu ya RACF, iliyotolewa na IBM mwaka 1976, huandikisha watumiaji, huwapanga katika vikundi na kuamua nani asome faili lipi na nani aliandike. Yumo msimamizi wa hifadhidata, anayechukua nakala za akiba, kupanga upya majedwali yaliyosambaratika na kutoa au kunyima haki za kuona taarifa. Yumo pia msimamizi wa hifadhi, anayeamua data ipi ikae kwenye diski za kasi na ipi ihamishiwe kwenye kanda. Hawa huzungumza na idara ya mikopo, idara ya utumishi na wanaotunga programu za biashara. Wanajua jedwali fulani ni la nani na kwa nini mwisho wa mwezi huwa mzito. Maarifa yao ni ya matumizi: wanaijua taasisi kupitia mfumo.

Programa wa mfumo yuko upande mwingine wa ukuta. Yeye ndiye anayeweka mfumo endeshi, kuupa viraka, kuandika vigezo vinavyosomwa wakati wa kuuwasha, kuunganisha diski na vifaa vipya, na kusoma rundo la tarakimu linalomwagwa na kompyuta pale programu inapoanguka, ili ajue ni agizo lipi lililokwenda kombo. Katika miongo ya mwanzo watu wa kazi hii walikuwa na uhuru mkubwa zaidi. Wateja wa IBM walikuwa wameunda chama chao cha SHARE tangu mwaka 1955 na kubadilishana programu, na wengi walizoea kuubadilisha mfumo kwa mikono yao kwa kuwa waliletewa matini yake asilia. Mwaka 1983 IBM ilitangaza sera ya kuanza kutoa programu zake bila matini hayo, na nafasi ya kuchezea ndani ya mfumo ikapungua. Hata hivyo, yapo matundu yaliyoachwa makusudi ambamo programa huingiza vipande vya programu alivyovitunga mwenyewe, mara nyingi kwa lugha ya asembla, na vipande hivyo hutenda kazi vikiwa sehemu ya mfumo. Maarifa yake ni ya muundo: anaujua mfumo, na taasisi huiona kwa mbali.

Sasa tazama makosa yao. Msimamizi wa usalama akimpa karani ruhusa asiyostahili, kosa hilo lina jina la mtu, jina la faili na saa lilipotendeka. Amri nyingine moja huiondoa ruhusa hiyo na mfumo ukabaki kama ulivyokuwa. Madhara yaliyokwisha kutokea yanaweza kuwa makubwa, lakini hali ya mfumo inarekebishika. Kosa la programa lina tabia nyingine. Kiraka kimoja hudai kingine kitangulie, hubatilisha cha tatu, na huenda kikabadilisha umbo la data ambayo programu nyingine kumi zinaitegemea. Kukiondoa hakurudishi jana, kwa kuwa kati ya jana na leo mfumo umeshaandika mambo mapya kwa mtindo mpya. Ndiyo maana katika z/OS chombo kikuu cha programa ni SMP/E, ambacho kwa asili ni daftari. Huorodhesha kila kipande cha mfumo, kiraka kilichokigusa mwisho, na viraka vinavyotegemeana. Kazi hupitia hatua tatu: kiraka hupokelewa, kisha hutumika, na hukubaliwa kabisa baada ya kuthibitika. Kabla ya hatua ya mwisho kuna njia rasmi ya kurudi nyuma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mfumo endeshi ni mali.

Kwa kipimo hicho kisa cha RBS kinasomeka vizuri zaidi. Uamuzi wa kung'oa toleo jipya ulifanana na uamuzi wa kiusimamizi: jambo halikwenda vizuri, basi lifutwe turudi tulikokuwa. Huo ni mwendo sahihi unapofuta ruhusa ya mtumiaji. Kwa programu inayoendesha foleni zote za usiku, kurudi nyuma ni badiliko jipya, lenye hatari zake, linalostahili kupimwa kama lile la kwanza. Mamlaka za udhibiti hazikuiadhibu benki kwa sababu tu mtambo ulikorofisha. Ziliiadhibu kwa kukosa utaratibu wa kutambua na kudhibiti hatari za teknolojia yake. Kosa lilikuwa la kutochukulia badiliko la mfumo kwa uzito wa badiliko la mfumo, na uzito huo hupotea haraka pale ambapo kila jambo la kompyuta huitwa kazi ya kawaida ya matengenezo.

Anayedhani kwamba nimempandisha programa na kumshusha msimamizi hajanielewa. Mwaka 2013 Edward Snowden alitoa hadharani nyaraka za siri za shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Alikuwa amefanya kazi ya usimamizi wa mifumo kupitia kampuni za kandarasi, na hakuhitaji kubadilisha mfumo endeshi wa yeyote. Uone kitendo chake kuwa cha kishujaa au cha usaliti, somo la kiutawala ni lilelile: msimamizi anaweza kutikisa dola kwa kutumia tu ruhusa anazopewa kazini. NSA yenyewe ilijibu kwa kutangaza kanuni ya watu wawili, kwamba kazi fulani nyeti za wasimamizi zisifanywe na mtu mmoja peke yake. Hatari ya msimamizi, basi, ni ya ruhusa. Hatari ya programa ni ya muundo. Hakuna iliyo ndogo, na kinga ya moja haitoshi kwa nyingine. Orodha ya ruhusa iliyopangwa vizuri haitazuia kiraka kibovu, na majaribio ya wiki mbili hayatamzuia mtu mwenye ruhusa halali kunakili asichopaswa kunakili.

Uzuri wa kompyuta kuu ni kwamba mgawanyo huu haukuachwa katika maandishi ya idara ya utumishi. Umefumwa ndani ya mtambo. Katika z/OS zipo maktaba maalumu za programu zilizoidhinishwa, ambazo chochote kilichowekwa humo kwa idhini hiyo kinaweza kujipandisha hadi ngazi ya mfumo wenyewe na kupita juu ya ulinzi wote. Programa ndiye anayezihitaji maktaba hizo kwa kazi yake, lakini anayeamua nani aandike ndani yake ni msimamizi wa usalama, kupitia RACF. Kwa upande wa pili, RACF yenyewe ni programu, na anayeiweka na kuipa viraka ni programa. Kila mmoja anamhitaji mwenzake na kila mmoja anamchunga mwenzake. Ni kama mtunza funguo na fundi wa kitasa: wa kwanza anajua nani kapewa ufunguo upi, wa pili anajua kitasa kinavyofunguka, na mwenye nyumba hulala salama mradi hao wawili wasiwe mtu mmoja. RACF imekwenda mbali zaidi, kwani mamlaka ya kubadilisha ruhusa, mamlaka ya kuzifikia data kwa ajili ya matengenezo, na mamlaka ya ukaguzi ni sifa tatu tofauti zinazoweza kupewa watu watatu tofauti.

Ushahidi kwamba nusu mbili hizi zinategemeana ulionekana Uswidi mwaka 2012, ilipobainika kuwa kompyuta kuu za kampuni ya Logica, zilizohifadhi taarifa za taasisi za umma, zilikuwa zimeingiliwa. Wavamizi waliingia kwa akaunti za watumiaji halali, wakatumia udhaifu uliokuwamo katika programu za mfumo kujipandisha ngazi, kisha wakaiendea hifadhidata ya RACF yenye akaunti na nywila zilizofichwa. Njia hiyo ilivuka ukuta mara mbili: ilianzia katika eneo la msimamizi, ikapita eneo la programa, ikarudi kwa msimamizi. Kila kituo kilihitaji jicho lake. Akaunti inayotenda mambo isiyoyazoea ni ishara ambayo msimamizi huijua, kwa sababu ndiye anayewajua watumiaji wake. Udhaifu katika programu ya mfumo ni jambo ambalo programa hulijua, kwa sababu ndiye anayefuatilia viraka. Kumdai mtu mmoja awe na macho yote mawili, na yakeshe, ni kumdai asichokiweza.

Wapo watakaosema kwamba ukuta huu ni wa karatasi. Kama programa anaweza kuandika katika maktaba zilizoidhinishwa, basi anaweza kujitungia programu ya kujipa ruhusa yoyote, na RACF isijue. Ni kweli, na sitaipunguza hoja hiyo. Mtu anayejenga misingi hawezi kuzuiwa kabisa na kuta zinazosimama juu yake. Lakini tusichanganye kuzuia na kufichua. Kazi ya mgawanyo ni kumnyima mtu mmoja upweke wake. Ili programa aweke kitu katika maktaba hizo, ruhusa yake ilitolewa na mtu mwingine na tendo lake la kuandika linaweza kurekodiwa. Rekodi za matukio hukusanywa na sehemu ya mfumo iitwayo SMF na, zikipangwa vyema, hupelekwa mahali asipopafikia. Aweza kuzikwepa, lakini atahitaji mbinu nyingi zaidi au mshirika. Tangu Marekani ilipopitisha sheria ya Sarbanes-Oxley mwaka 2002, baada ya kuporomoka kwa kampuni ya Enron, wakaguzi wa hesabu wamekuwa wakiuliza swali hili hasa: je, yupo mtu mmoja anayeweza kubadilisha mfumo, kujipa ruhusa, na kufuta nyayo? Jibu la ndiyo ni dosari, hata kama mtu huyo ni malaika.

Pingamizi la pili ni la hali halisi. Taasisi ndogo haina fedha za kuajiri watu watano pale ambapo mmoja hodari angetosha, na katika vituo vidogo vya kompyuta kuu majina ya kazi hizi mbili hutumika kwa mtu yuleyule. Hapo nakubali nusu ya hoja. Mtu anaweza kuwa mmoja, lakini kofia zibaki mbili. Awe na akaunti moja ya usimamizi wa kila siku na nyingine ya kubadilisha mfumo, ya pili ifunguliwe kwa sababu iliyoandikwa na kwa muda unaojulikana, na rekodi zake zisomwe na mtu wa idara nyingine, hata kama ni mkaguzi wa nje anayekuja kwa zamu. Mgawanyo wa nyakati na akaunti ni dhaifu kuliko mgawanyo wa watu, lakini ni bora mara nyingi kuliko nywila moja kuu anayoijua mtu mmoja. Mji wa San Francisco uliliona hilo Julai 2008, mhandisi Terry Childs alipokataa kutoa nywila za mtandao wa manispaa alioujenga na kuusimamia mwenyewe. Alizitoa baada ya siku kadhaa kwa meya Gavin Newsom, akiwa tayari mahabusu. Mtandao uliendelea kufanya kazi siku zote hizo. Kilichopotea ni uwezo wa mwenye mali kuitawala mali yake.

Pingamizi la tatu ndilo linalopendwa zaidi siku hizi: kwamba mambo haya ni ya kizazi kilichopita, kwa sababu kwenye seva za kukodi za intaneti anayejenga ndiye anayeendesha, na kazi inakwenda kwa kasi. Tuiangalie kasi hiyo vizuri. Kampuni inayokodi seva haijamwondoa programa wa mfumo; imemhamishia kwa mwenye seva. Anayeweka viraka kwenye tabaka la chini kabisa ni mwajiriwa wa Amazon au Microsoft, na anayekodi amebaki na kazi ya msimamizi: kufungua akaunti, kugawa ruhusa, kuchukua nakala za akiba. Ukuta upo palepale, ila sasa umeandikwa katika mkataba. Na pale ambapo mtu wa nje huachwa auguse mfumo bila programa wa ndani kusimama katikati, matokeo tuliyaona tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho la programu yake ya ulinzi inayofanya kazi ndani kabisa ya Windows. Kwa makadirio ya Microsoft, mashine milioni 8.5 zilianguka, ndege zikaahirishwa na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Wasimamizi wa mifumo duniani kote waliamka wakikuta badiliko ambalo hawakuliomba, hawakulijaribu, wala hawakuwa na uwezo wa kulizuia, na wengi wao walilazimika kuifikia mashine moja baada ya nyingine ili kufuta faili moja. Katika chumba cha kompyuta kuu kinachofuata desturi zake, sasisho kama hilo lingepokelewa, likatumika kwanza katika sehemu ya majaribio, na kumsubiri mtu aweke sahihi.

Mwisho kuna malalamiko ya wafanyakazi wenyewe, kwamba ukuta huzaa kutupiana mpira. Msimamizi husema tatizo liko kwenye mfumo, programa husema liko kwenye data, na mteja anasubiri. Nayo ni kweli, na taasisi nyingi zimeumia kwa ajili yake. Lakini dawa ya watu wasiozungumza ni kuwakutanisha, na kuwaunganishia mamlaka hakutibu ukimya wao. Mgawanyo wa mamlaka haudai mgawanyo wa maarifa. Msimamizi anayejua mfumo unavyowashwa atauliza maswali bora kabla ya badiliko, na programa anayejua mwisho wa mwezi una maana gani kwa idara ya mishahara hatachagua usiku huo kuweka kiraka. Kikao kimoja cha wiki ambamo kila badiliko hutetewa mbele ya watakaoishi nalo kinafaa kuliko chati yoyote ya vyeo.

Mabenki na idara nyingi za Afrika Mashariki haziendeshi kompyuta kuu. Zinaendesha seva za kawaida zenye hifadhidata kubwa, na akaunti moja yenye nguvu zote huwa karibu mno na mkono. Kwa hiyo somo linatuhusu zaidi sisi kuliko wenye meinfremu, kwa kuwa wao walirithi ukuta uliokwisha kujengwa nasi tunatakiwa kuujenga. Bodi ya benki haihitaji kujua asembla ili kuanza. Itoshe imwite mkuu wa teknolojia na kumtaka aandike majina mawili: la mtu anayebadilisha mfumo, na la mtu anayegawa ruhusa ndani yake. Jina likijirudia, bodi iulize nani anasoma rekodi za mtu huyo. Na ikiwa anazisoma mwenyewe, suala hilo halipaswi kuachiwa idara ya kompyuta. Ni suala la bodi, na linastahili kuamuliwa kabla kikao hicho hakijafungwa.